Harufu Niliyoizoea

Nilimfukuza kazi kijana wa watu kwa kosa nililolifanya mwenyewe. Nalisema hili kwanza, kabla ya maelezo, kwa sababu naijua tabia yangu: nikianza na maelezo, nitafika mwisho wa ukurasa nimeshajitetea. Nilifundisha hisabati miaka 31, na mwalimu wa hisabati hakosi njia ya kuonyesha kwamba jibu lake, japo si sahihi, lilikaribia usahihi. Langu halikukaribia.

Nilipostaafu nilirudi nyumbani, nje kidogo ya mji wa Tanga, kwenye kiwanja alichoniachia marehemu baba. Sehemu ya kiinua mgongo ikaingia kwenye mabanda mawili ya kuku. Moja la kuku wa mayai, 150, ambao mayai yao yalikuwa fedha ya kila siku, na kwa hiyo sikuthubutu kuwachezea: walikula chakula cha dukani. Jingine la vifaranga wa chotara, niliokuwa nikiwakuza kwa awamu za 400 na kuwauza kwa wafugaji wadogo wakifikisha mwezi. Kijana niliyemwajiri alitoka Lushoto, umri wake miaka 22, analala chumba cha uani, anaamka kabla ya adhana ya alfajiri kukagua jiko la mkaa la kuwapa vifaranga joto. Jina lake sitalitaja. Nimeshaliharibu vya kutosha.

Kila mfugaji wa kuku atakuambia kwamba zaidi ya nusu ya fedha yake huishia kwenye chakula cha kuku. Mimi nilitaka kuipunguza kwa kalamu. Nilichora majedwali: pumba za mahindi, mahindi ya kuparaza, mashudu ya alizeti, dagaa, soya, chokaa, chumvi. Nikahesabu protini, nikahesabu nishati, nikapata mambo matatu ambayo niliyaona ni akili ya kuzaliwa.

La kwanza, mafuta. Kilo moja ya mafuta ina nishati zaidi ya mara mbili ya kilo ya mahindi. Wauza chipsi wa mjini humwaga mafuta yao ya alizeti yakishakuwa meusi. Nikawapelekea madumu, wakanijazia kwa bei ya soda.

La pili, premiksi. Ule unga wa vitamini na madini huwekwa kiasi kidogo mno, robo kilo kwa gunia la kilo 50, lakini kwa uzito ndio ghali kuliko vyote. Kwenye majedwali yangu haukuwa na protini wala nishati ya maana. Robo kilo haimnenepeshi kuku, nikajiambia. Nikaikata katikati.

La tatu, nilichanganya mara moja kwa wingi. Mwisho wa Januari mahindi yalikuwa bado na nafuu, nikachanganya magunia 16 na kuyapanga stoo, chini ya bati, kaskazi inavuma na jua linapiga juu mchana kutwa. Yalikaa humo hadi Aprili, masika yalipoanza na kila kitu ndani ya nyumba kikawa na unyevu.

Nilipiga hesabu ya nilichookoa kwa kila gunia. Nilimwonyesha mke wangu ile hesabu. Nilijisikia fahari.

Vifaranga wa awamu iliyofuata walikuja wazuri, wachangamfu, nikawalisha chakula changu tangu siku ya kwanza. Siku ya saba wakapewa chanjo ya kideri, ugonjwa ambao wengine huuita mdondo. Siku ya 14 wakapewa ya Gumboro. Siku ya 18 asubuhi nilimkuta mmoja amelala chali juu ya maranda, nikadhani amekanyagwa na wenzake. Nikamsimamisha. Akapiga hatua mbili za kinyumenyume, akaanguka.

Kesho yake walikuwa sita. Nitawaeleza kama nilivyowaona, maana picha ile haijanitoka. Kichwa kinavutika nyuma, kinapinda juu ya mgongo mpaka mdomo unaelekea darini. Miguu imenyooshwa, vidole vimejikunja, halafu miguu hiyo inaanza kupiga hewa kama mtu anayeendesha baiskeli amelala. Macho ni maangavu. Kifaranga ana njaa. Ukimwekea chakula mbele anadonoa, lakini anadonoa pembeni, sentimita mbili kutoka kwenye punje. Anajaribu tena, anakosa tena. Siku ya 20 walikuwa zaidi ya 30.

Kwa mfugaji wa huku kwetu, kuku aliyepinda shingo ana jina moja tu: kideri. Na kama ni kideri, basi chanjo imeharibika. Na kama chanjo imeharibika, nani aliyekwenda kuichukua?

Kijana ndiye aliyekwenda. Alibeba chupa ya chai yenye barafu, kama nilivyomwagiza, akachelewa kurudi kwa saa nzima. Daladala iliharibika njiani, alisema siku ile, nami siku ile sikuwa na neno. Sasa neno lilipatikana. Nilimwita mbele ya banda nikamuuliza barafu ilikuwa imeyeyuka au haikuyeyuka. Akasema ilikuwepo. Nikamuuliza alikaa kijiwe gani. Akasema hakukaa kijiwe chochote.

Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka yote, kwa sababu nimeyarudia usiku mara nyingi kuliko sala.

"Mwalimu, hawa hawakohoi. Hawaharishi. Kuku wa mayai wako pale, ukuta mmoja tu, wazima. Na kuku wa kienyeji wa jirani huingia humu uani kila siku kuokota, hakuna hata mmoja aliyeugua. Kideri gani hiki kinachochagua?"

Angekuwa mwanafunzi wangu, ningempa alama zote. Alinipa dalili ambazo hazipo, akanipa makundi mawili ya kulinganisha, akaniuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa limeshajifunga lenyewe. Kideri hakimwachi kuku wa jirani. Kinaruka ukuta, kinaenda na viatu, na ndoo, na ndege. Lakini mimi sikuwa nikisikiliza hoja. Nilikuwa nikisikiliza kijana anayejitetea, na nikakasirishwa zaidi na jinsi alivyojitetea vizuri.

Nilimwambia akusanye vitu vyake. Mshahara wake wa mwezi ule, shilingi 90,000, nikaukata kuwa fidia ya vifaranga. Aliondoka baada ya alasiri na begi moja. Aliniaga kwa heshima. Nikamjibu kwa kichwa.

Mke wangu aliuliza swali moja tu jioni ile: "Daktari umemwita?"

Sikuwa nimemwita. Kwa nini nimwite daktari na mimi nimeshamjua mwenye kosa? Nilimwita siku tatu baadaye, vifaranga 90 wakiwa wameshakufa.

Daktari wa mifugo aliyekuja alikuwa binti ambaye miaka ya nyuma aliwahi kukaa darasani kwangu. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, akavaa glavu, akaomba vifaranga watatu: mmoja aliyekufa asubuhi ile na wawili wanaokata roho. Aliwapasua juu ya kipande cha bati, kwenye kivuli cha mwembe. Akanionyesha koo na njia ya hewa: safi. Akanionyesha tumbo na utumbo: hakuna madoa ya damu. "Kideri kingeacha alama hapa," akasema, "au hapa." Halafu akachukua mkasi mdogo, akafungua fuvu kama mtu anayemenya yai la kuchemsha.

Ubongo wa kifaranga ni mdogo kama punje ya harage. Sehemu ya nyuma, ile ndogo inayomsaidia kiumbe kusimama na kutembea bila kuyumba, ilikuwa imevimba na imetapakaa vitone vyekundu, kama mtu kainyunyizia pilipili ya unga. Kwa yule wa tatu, sehemu ile ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya kijani cha manjano na imelainika. Daktari aliigusa kwa ncha ya mkasi, ikabonyea.

Hakuniuliza habari ya chanjo hata mara moja. Aliuliza, "Chakula kiko wapi?"

Stoo aliingiza mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, akatoa konzi kutoka katikati, akaisogeza puani. Kisha akaniletea mimi. "Mwalimu, nusa."

Nilinusa. Nikamwambia hiyo ni harufu ya chakula cha kuku.

Hakubishana. Alitoka, akaenda banda la kuku wa mayai, akarudi na konzi ya chakula cha dukani. Kile kilinukia unga na dagaa. Akanirudishia cha kwanza. Hapo ndipo nilipoisikia: karanga za mwaka juzi, rangi ya mlango iliyopakwa jana, kitambaa cha fundi gereji. Harufu ilikuwa pale muda wote. Nilikuwa naingia stoo asubuhi na jioni, na pua, kama mtu anayeishi jirani na kiwanda, ilikuwa imeshaacha kuniambia.

Tulikaa kibarazani, mke wangu akaleta chai, na mwanafunzi akamfundisha mwalimu.

Alianza na paa. "Mwalimu, hapa pwani bati hudumu miaka mingapi?" Nikamwambia inategemea, lenye zinki nzuri hudumu, lisilo na zinki upepo wa bahari hulila upesi. "Basi mafuta nayo hushika kutu," akasema. Oksijeni ileile inayokula bati hula mafuta. Inamvamia chembe mmoja wa mafuta na kumwacha pungufu, naye, kwa ule upungufu, anamnyang'anya aliye jirani yake. Jirani anamnyang'anya wa tatu. Chembe hao walionyang'anywa ndio wataalamu huwaita radikali huru, na wizi wao ukianza hausimami wenyewe. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yameanza wizi huo tangu kwenye karai.

Kinachousimamisha ni kitu kinachokubali kunyang'anywa bila kwenda kumnyang'anya mwingine. Hiyo ndiyo antioksidanti. Katika mwili wa mnyama, mlinzi mkuu wa mafuta ni vitamini E, nayo hujipanga ndani ya kuta za seli, palepale penye mafuta. Hufanya kama zinki kwenye bati: huliwa yenyewe ili chuma kipone. Nyuma yake kuna mlinzi wa pili, kimeng'enya chenye madini ya seleni, kinachozoa uharibifu uliopita langoni. Walinzi hawa husaidiana. Upungufu wa mmoja humwelemea mwenzake.

Kwa nini ubongo? Kwa sababu ubongo umejaa mafuta laini ya aina ile inayoshika kutu upesi, na ule wa kifaranga bado unajengwa. Kwa nini siku ya 18 na si ya tano? Kwa sababu kifaranga huzaliwa na akiba ya vitamini E aliyowekewa na mama yake kwenye kiini cha yai. Anaitumia majuma ya mwanzo. Ikiisha, anaishi kwa kile unachompa. Ndiyo maana ugonjwa huu huwajia zaidi wakiwa na umri wa majuma mawili hadi manne. Na kuku wa kienyeji wa jirani? Wanashinda wakidonoa majani mabichi, na majani mabichi yana vitamini E kwa wingi. Hawana premiksi, hawana mwalimu wa hisabati, na wako salama.

Kila swali alilouliza yule kijana mbele ya banda likapata jibu lake, moja baada ya jingine, na kila jibu lilinichoma upya.

Nilirudi kwenye majedwali usiku ule. Jambo langu la kwanza, mafuta ya chipsi, lilileta kutu ndani ya gunia. Alizeti ikiwa mbichi hujaliwa vitamini E nyingi, lakini karai lilikuwa limeshaimaliza na kuniachia mafuta matupu yasiyo na kinga. Jambo la pili, nusu premiksi, lilipunguza walinzi. Jambo la tatu, miezi miwili na zaidi ndani ya joto la bati, likawapa wezi muda wa kuwamaliza walinzi waliobaki. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu ambalo pengine peke yake lingeua vifaranga wengi hivyo. Niliyaleta yote pamoja na nikayaita akiba.

Nilipoanza kusoma nikagundua jambo lililonitia aibu ya aina nyingine. Vitamini E yenyewe iligunduliwa kupitia kosa linalofanana na langu. Mwaka 1922, huko California, Herbert Evans na Katharine Scott Bishop waliwalisha panya chakula kilichosafishwa, chenye mafuta ya nguruwe. Panya wakanenepa, wakaonekana wazima kabisa. Walishika mimba, lakini mimba zikapotelea tumboni. Walipoongezewa majani ya saladi, au kiini cha ngano, wakazaa. Kitu kile kilichokosekana kikaja kupewa jina tokoferoli, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kubeba uzazi. Mwaka 1931, Alwin Pappenheimer na Marianne Goettsch wakaandika habari za vifaranga waliokuwa wakianguka na kupinda vichwa kwa sababu ya chakula, huku sehemu ya nyuma ya ubongo ikiwa imeharibika. Maana yake vifaranga wangu waliuawa na ugonjwa ulioandikwa vitabuni kabla baba yangu hajaoa.

Wenye viwanda wanaijua kutu hii na wanaiogopa. Unga wa samaki, kwa mafuta yake mengi, ukisafirishwa melini bila kinga unaweza kujipasha moto wenyewe mpaka ukawaka. Ndiyo maana kwa miaka mingi ulikuwa ukitiwa kemikali ya kuzuia kutu iitwayo ethoksikwini, ambayo Umoja wa Ulaya uliisimamisha kwenye vyakula vya mifugo mwaka 2017 kwa wasiwasi wa usalama. Watu wamejenga sheria juu ya jambo ambalo mimi nililiona ni robo kilo ya mchanga wenye rangi.

Daktari aliagiza chakula chote kile kitolewe, kiletwe kipya, na vitamini E itiwe kwenye maji ya kunywa. Aliniambia wazi kwamba ambao hawajaanguka wataokoka, lakini walioanguka wengi hawatainuka, maana ubongo ukishalainika haujengwi upya. Ilikuwa hivyo. Kati ya 400 walikufa 163. Mhenga alisema kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea hutwaliwa na mwewe. Mwewe wa banda langu alikuwa na miwani na daftari.

Ingekuwa vyema kama maungamo yangeishia hapa. Hayaishii.

Mtu aliyepungukiwa akapata kipigo, akili yake hukimbilia kuzidisha. Nilikwenda duka la dawa za mifugo, nikaona kwamba nusu ya chupa zilizo rafuni zimeandikwa neno lile, antioksidanti, na kila moja inaahidi kinga, ukuaji na uzazi. Nikanunua. Nilikuwa na mbuzi wa maziwa wanne na vitoto viwili. Nikasoma kwamba vitoto vya mbuzi na kondoo na ndama vikikosa seleni na vitamini E hupata ugonjwa wa misuli kugeuka myeupe na kukakamaa, vikashindwa kusimama kunyonya, na moyo wenyewe ukaweza kusimama. Vya kwangu vilikuwa vikirukaruka. Haidhuru, nikanunua chupa ya sindano yenye vyote viwili, nikaamua kuwapa kinga ya nguvu. Kipimo kilichoandikwa nikakizidisha mara tatu. Kidogo kiliniponza, nikafikiri, kingi kitaniokoa.

Daktari alifika siku hiyo kuangalia vifaranga, akanikuta nimeshavuta dawa kwenye bomba. Akasoma alama. Akanyoosha mkono bila kusema, kama mwalimu anavyomnyooshea mkono mwanafunzi mwenye kikaratasi cha majibu. Nikampa.

"Mwalimu," akasema, "vitamini E ukiizidisha kidogo mnyama atakusamehe. Seleni haisamehi."

Akanipa hesabu, akijua ndiyo lugha yangu. Kifaranga anahitaji miligramu 0.15 hivi za seleni katika kila kilo ya chakula. Ukifika miligramu tano, mayai ya kuku huanza kukataa kuanguliwa na viumbe ndani yake huharibika maumbo. Kati ya dawa na sumu kuna nafasi nyembamba, na kwenye sindano ni nyembamba zaidi, kwa sababu dawa haipiti tumboni kwanza. Akanikumbusha habari ya Aprili 2009 huko Florida, Marekani, ambako farasi 21 wa timu moja ya polo walikufa karibu kwa pamoja, baada ya kupewa dawa ya kuongeza nguvu iliyochanganywa vibaya, seleni ikiwa imezidi. Farasi wa thamani, wenye madaktari wao. Kosa lilikuwa la kipimo tu.

Akaimwaga dawa ya ziada, akawapa vitoto kipimo chao, akaniuliza swali ambalo sikulijibu: "Hivi Mwalimu, ulikuwa unatukataza kukisia jibu, au nimesahau?"

Hakusahau. Kosa la mafuta na kosa la sindano ni kosa moja. Mara ya kwanza nilidharau kitu kidogo kwa sababu ni kidogo. Mara ya pili nikakiabudu kwa sababu kilinipiga. Mara zote mbili sikukipima. Antioksidanti si uchawi wa kuondoa sumu kama vibandiko vinavyosema. Ni mlinzi mwenye zamu na idadi yake, na anayeijua idadi hiyo ni yule aliyepima chakula, akajua umri wa mnyama, akajua joto la stoo. Anayekisia atazika.

Ilinichukua wiki saba kumtafuta kijana. Ningeweza kusema nilikuwa na shughuli za kujenga upya awamu nyingine, na ningekuwa nasema kweli, lakini si ndiyo sababu. Kumwomba radhi kuku ni rahisi. Anakufa na mambo yanaisha. Nilikuwa naona haya kusimama mbele ya mtu mdogo kwa umri na kumwambia kwamba hoja zake zilikuwa sahihi zote.

Nilimpata kwenye ujenzi, mjini, anachanganya zege. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, mikono imejaa saruji. Heshima ile ilinivunja kuliko kama angenitukana. Nikamweleza yote, mbele ya wenzake, kwa sababu nilimfukuza mbele ya watu: ubongo, mafuta, premiksi, chanjo ambayo haikuwa na tatizo lolote. Nikampa bahasha yenye zile 90,000 na nyongeza ya mwezi mwingine. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitia mfukoni bila kuifungua.

Nikamuuliza kama angependa kurudi kazini. Akatikisa kichwa, bila hasira. Kisha akasema, kama anayekumbuka jambo dogo:

"Lakini mafuta yale nilikwambia, Mwalimu. Siku tunachanganya. Nilikwambia yananuka."

Nikamwambia sikumbuki.

"Ulisema kuku hali kwa pua. Ukacheka."

Nilisimama pale, na mashine ya zege ikizunguka, na nikakumbuka. Si maneno tu. Nilikumbuka jinsi nilivyoufurahia utani wangu mwenyewe, nikaurudia jioni kwa mke wangu. Wizi wote ule wa chembe na chembe ndani ya gunia ulikuwa umeshaonwa na mtu aliyeshika koleo, na nikamnyamazisha kwa kichekesho. Nilikuwa nimekuja kumwomba radhi kwa kosa moja, na nikakuta kuna jingine chini yake.

"Hilo pia nisamehe," nikasema.

"Nimeshakusamehe, Mwalimu. Wa mayai wanataga?"

Nikamwambia wanataga. Akarudi kwenye zege lake.

Siku hizi nachanganya chakula cha majuma mawili tu. Kila gunia lina tarehe ya chaki, magunia yanakaa juu ya mbao, mbali na ukuta, na stoo imepata dari chini ya bati. Premiksi naipima kwa mizani ya sonara niliyoinunua Ngamiani. Mafuta ya chipsi sina habari nayo. Na kwa kuwa nimeshajua kwamba pua yangu haiaminiki ndani ya stoo ile, nimeweka sheria: hakuna gunia linalofunguliwa kabla halijanuswa na mtu ambaye siku hiyo hajaingia humo. Mara nyingi mtu huyo ni mjukuu wangu wa miaka tisa, anaporudi shule.

Wiki iliyopita aliinamia gunia la pumba, akakunja uso. "Babu, hili linanuka."

Nikainama. Nikanusa mara mbili, tatu. Sikusikia chochote. Lilikuwa gunia zima, pumba za bei, na tarehe yake ya chaki ilikuwa bado changa.

Nikalibeba begani, nikalipeleka shimoni, nikalimwaga.